PhD usihangaike peke yako: msaada uko wapi na unaombwaje

Wengi wanaoanza PhD hapa kwetu wanaanza na supavaiza mmoja, laptopu moja na bando la wiki, halafu wanajifungia ndani. Mwaka unaisha unamkuta mtu hajui kama chuo chake kimeunganishwa na majarida, hajui kuna hela ya fildi iliyowekwa kwa watu kama yeye, hata jina la mkutubi halijui. Inaniuma kwa sababu vitu vingi anavyohangaikia vipo tayari, vingine bure kabisa, ila havimfuati mtu chumbani, mpaka uviombe, na ujue unaviomba kwa nani. Naandika zaidi kwa walioko Tanzania, wa Kenya na Uganda nitawagusia pale ambapo mambo yanatofautiana.

Anza na mkutubi

Kabla ya mtu mwingine yeyote nenda maktaba, na sisemi kwenda kukaa kwenye kiti na kusoma, nasema kaonane na mkutubi anayeshughulikia majarida ya mtandaoni. Mtajie jina lako na mada yako, halafu muulize chuo kimelipia nini mwaka huu, Research4Life tunaingiaje, na nikiwa nyumbani nje ya mtandao wa chuo nafanyaje. Majibu ya hapo yanaweza kukuokolea miezi.

Research4Life ni mpango ambao wachapishaji wakubwa wa dunia wanaruhusu vyuo na taasisi za nchi kama zetu kusoma majarida yao bure au kwa ada ndogo. Ulianza 2002 na Hinari ya Shirika la Afya Duniani kwa mambo ya afya, kisha ikaja AGORA ya FAO kwa kilimo, leo iko mpaka ya sheria inaitwa GOALI. Sasa shida ni kwamba mtu binafsi hawezi kujisajili, inasajiliwa taasisi, na paswedi anayo mkutubi. Kwa hiyo kama hujawahi kumsalimia mkutubi wako hiyo hazina yote umefungiwa nje. Na ukishapewa paswedi naomba sana usiirushe kwenye grupu la WhatsApp, wala usishushe makala mia tano kwa usiku mmoja, wachapishaji wakiona hivyo wanaweza kukifungia chuo kizima na wenzako wote wakakosa.

Mbali na hiyo vyuo vyetu vinanunua majarida kwa pamoja, Tanzania kupitia COTUL na Kenya kupitia KLISC. Kama chuo chako ni kidogo na unaambiwa hatuna, uliza kama ni wanachama. Halafu omba akaunti ya eduroam, ile Wi-Fi ya pamoja ya vyuo, kwa watu wa TEHAMA, kwa Tanzania iko chini ya TERNET, Kenya ni KENET na Uganda ni RENU. Ukishaiweka kwenye simu na laptopu, ukienda chuo kingine chochote chenye eduroam, iwe Dodoma au Kampala au Berlin, inashika yenyewe, na kwa mtu wa kuunga bando hilo si jambo dogo.

Makala bado imefungwa? Weka Unpaywall kwenye brauza yako, ni bure, ukifungua makala iliyofungwa inakutafutia nakala halali iliyowekwa wazi mahali pengine na kukuonyesha alama ya kufuli la kijani. Kwenye Google Scholar bonyeza pale chini panapoonyesha matoleo yote ya makala, mara nyingi nakala ya bure imejificha humo. Kwa utafiti wa Afrika ingia AJOL, tovuti ya majarida ya Afrika, hao wako Afrika Kusini na wamekuwepo tangu 1998, utakuta majarida ambayo kwenye utafutaji wa kawaida yanazama. Watu wa Kiswahili, jarida la Kioo cha Lugha la TATAKI, taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM), mtalikuta hapo AJOL, na Swahili Forum inayotoka Ujerumani inasomwa bure mtandaoni.

Ikishindikana kote mwandikie mwandishi mwenyewe. Imeili yake iko ukurasa wa kwanza wa makala. Mistari minne inatosha: mimi ni fulani, nasoma PhD chuo fulani, nafanya utafiti juu ya jambo fulani, naomba nakala ya makala yako ya mwaka fulani. Watu wanaogopa kufanya hivi kana kwamba wanaomba hela, kumbe waandishi wengi wanafurahi kuona kuna mtu anawasoma, wengine wanakutumia na makala nyingine tatu ambazo hukuziomba.

Jambo moja la haraka kuhusu maktaba zenyewe. Ile mpya ya Mlimani, yaani UDSM, iliyofunguliwa 2018 inachukua watu 2,100 kwa wakati mmoja, na mkusanyo wa East Africana wa UDSM una tasnifu za zamani na ripoti ambazo huzipati mtandaoni hata ukeshe. Wa historia msisahau Nyaraka za Taifa pale Upanga, Dar es Salaam, na za Zanzibar ziko Kilimani, za Kenya ziko Moi Avenue katikati ya Nairobi. Huko nenda na barua, kitambulisho, penseli na subira.

Supavaiza

Hapa ndipo watu wanapoumia zaidi. Unatuma chapta nzima, unakaa kimya miezi miwili, yeye naye yuko kimya, unaanza kujiuliza kama amekuchukia. Mara nyingi hajakuchukia, ana wanafunzi kumi na wawili, ana vipindi, ana vikao, na imeili yako ilisema tu "Shikamoo Prof, naomba upitie kazi yangu" na faili la kurasa tisini. Mtu akiona faili hilo saa nne usiku analiahirisha, na wewe ungeliahirisha.

Mrahisishie. Tuma kitu kidogo chenye swali. Mfano ujumbe uwe hivi:

"Shikamoo Profesa. Nimeambatanisha sehemu ya sampuli, kurasa sita tu. Nimekwama ukurasa wa 3: nichukue vijiji vinne vya Rufiji, au viwili vya Rufiji na viwili vya Kibiti ili niweze kulinganisha? Mimi naelekea hilo la pili kwa sababu nilizoandika pale. Naomba kupita ofisini Alhamisi saa nne asubuhi, au siku yoyote utakayonipangia."

Ona kilichomo. Kuna heshima, kuna ukurasa, kuna swali ambalo jibu lake ni mstari mmoja, na kuna msimamo wako mwenyewe. Hata akiwa kwenye foleni ya Ubungo anaweza kukujibu kwa simu. Mkishaonana, siku hiyo hiyo mtumie muhtasari, tumekubaliana hili na hili, nitaleta kitu fulani tarehe fulani. Uweke vizuri huo muhtasari maana kuna siku atasema jambo tofauti na la mwezi uliopita, na wewe bila ya kubishana utamwambia Profesa kwenye kikao chetu cha tarehe fulani tulikubaliana hivi, je tubadilishe? Muhtasari unakulinda bila kumvunjia heshima.

Na kama kweli amepotea, miezi inaenda na hajibu simu wala imeili, usikae kimya kwa kuona haya. Anza na msimamizi wako wa pili kama unaye, kisha mratibu wa masomo ya uzamili wa idara, halafu mkuu wa idara, kwa maandishi na kwa lugha ya upole, ukiomba msaada na siyo ukimshitaki mtu. Kubadilishiwa msimamizi kupo kwenye kanuni za vyuo, kazisome hizo kanuni mwenyewe usisubiri kuhadithiwa. Humo humo utaona taratibu za kusimamisha masomo kwa muda kama unaumwa au umejifungua au umeishiwa ada. Kusimamisha rasmi ni tofauti kabisa na kupotea, aliyesimamisha rasmi anarudi mahali pake, aliyepotea anakuta amefutwa.

Vibali vianze mapema kuliko unavyodhani

Kwa Tanzania Bara mwenye mamlaka ya vibali vya utafiti ni COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia iliyoundwa kwa sheria ya 1986. Lakini kwa mwanafunzi wa chuo kama UDSM kuna njia fupi ya siku nyingi, waraka wa serikali wa Julai 1980 unamruhusu Makamu Mkuu wa Chuo kutoa kibali kwa wanafunzi na wafanyakazi wake, kwa hiyo uliza kwanza ofisi ya utafiti ya chuo chako. Mada ikigusa afya ya watu utahitaji pia kibali cha maadili, cha taifa kinatolewa na NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na baadhi ya vyuo vina kamati zao. Ukiingia kwenye hifadhi za wanyamapori kuna TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori. Zanzibar ina utaratibu wake, kibali cha Bara hakikuvushi, panga muda na nauli kwa ajili hiyo. Kenya ni NACOSTI, unaomba mtandaoni, na Uganda ni UNCST.

Kibali cha juu ukishakipata ndiyo kwanza safari inaanza. Barua inashuka ngazi, unaenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, anakuandikia barua kwenda wilayani, wilayani au halmashauri wanakuandikia kwenda kata, unaonana na mtendaji wa kata, anakupeleka au anampigia mtendaji wa kijiji, halafu mwenyekiti wa kijiji au wa kitongoji. Kila ofisi wanabaki na nakala kwa hiyo toa fotokopi za kutosha, na kila ofisi muhusika anaweza kuwa safarini, wiki moja inaweza kuliwa hivi hivi. Usiruke ngazi hata moja hata kama mwenyekiti ni mjomba wako, ukikutwa unamuuliza mtu maswali na daftari mkononi na mtendaji hana habari, mambo yanaweza kuharibika kwako na kwa watafiti watakaokuja nyuma yako.

Na siku hizi kuna sheria za taarifa binafsi, Kenya wana ya 2019 na Tanzania ya 2022 ambayo ilianza kutumika Mei 2023. Majina na namba za simu za watu waliokujibu usiziache kwenye faili moja na majibu yao. Mpe kila mtu namba ya siri, orodha ya majina ikae peke yake na ifungwe kwa paswedi.

Hela ya fildi

Kaka zangu na dada zangu, ruzuku haziji kwa kusikia tetesi kwenye grupu, zinakuja kwa aliyeandaa karatasi kabla tangazo halijatoka. Kaa na folda moja yenye CV iliyo apdeti, vyeti vilivyoskaniwa, proposo ya kurasa mbili, bajeti, na walimu wawili ambao wamekwishakubali kukuandikia barua. Dedilaini ikitangazwa wewe unarekebisha tu.

Wapi? Inategemea wewe ni nani. Kama ni mwajiriwa wa chuo kilicho mwanachama wa CARTA, na upo kwenye afya ya jamii au idadi ya watu na mambo yanayokaribiana na hayo, angalia CARTA, mtandao ulioanza 2008 ukiongozwa na APHRC, kituo cha utafiti wa idadi ya watu na afya cha Nairobi, na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, uzuri wake kuliko hela ni zile semina zao nne ambazo kundi lenu mnapita pamoja tangu proposo mpaka kumaliza. Mwanamke wa sayansi asipite bila kuangalia OWSD, shirika la wanawake wa sayansi lililoko Trieste, Italia, wanafadhili wanawake wa nchi zetu kusoma PhD kwenye nchi nyingine zinazoendelea. Wa kilimo ni RUFORUM, mtandao wa vyuo vya Afrika, makao yao yako Makerere. Wa uchumi wanaijua AERC ya Nairobi. Sayansi za jamii kuna CODESRIA ya Dakar, iko tangu 1973. Anthropolojia, Wenner-Gren wanatoa hela ya fildi ya tasnifu kwa mtu wa nchi yoyote. Uhifadhi wa mazingira, Rufford ya Uingereza inatoa ruzuku ndogo ndogo na inapokea watu wanaoanza. DAAD, shirika la Ujerumani la udhamini wa masomo, wana udhamini wa kusomea humu humu Afrika, haulazimishi kwenda Ujerumani. Commonwealth (Jumuiya ya Madola) nao wana ule wa kugawa muda, umesajiliwa chuo chako cha nyumbani ila unakaa Uingereza hadi miezi 12 kwenye maabara au maktaba za kule, mimi naona ni mzuri sana kwa mtu mwenye familia na kazi hapa. Na pale Nairobi kuna BIEA na IFRA, taasisi za utafiti za Waingereza na Wafaransa, ukiwa mtu wa historia, akiolojia au jamii pita, maktaba ya BIEA peke yake inatosha kukufanya upande basi.

Kwenye bajeti andika ukweli. Watu wanaandika nauli na posho wanasahau bodaboda za kutoka kijiji hadi kijiji, ada ya kibali cha maadili, vocha, fotokopi, na kubwa kuliko zote, kuandika intavyuu zilizorekodiwa. Saa moja ya mazungumzo inakula saa nne, tano za kuandika, na zaidi kama watu waliongea wengi kwa pamoja au wanachanganya Kiswahili na Kisukuma. Ukiwa na intavyuu 40 piga hesabu mwenyewe. Mwekee msaidizi wako malipo yanayoeleweka tangu mwanzo.

Programu, na usalama wa kazi yako

Hapa sitakaa sana. Zotero kwa ajili ya marejeleo, ni bure, ianze siku ya kwanza na siyo mwaka wa tatu. Nafasi yao ya bure mtandaoni ni MB 300, ikijaa zima usawazishaji wa mafaili, marejeleo yenyewe yataendelea. Dodoso weka kwenye KoboToolbox au ODK, vinafanya kazi kwenye simu bila mtandao na vinatuma deta ukifika penye mtandao. Takwimu tumia R, au jamovi na JASP kama unaogopa kuandika kodi, zote bure, hauna haja ya kutafuta SPSS iliyovunjwa yenye virusi. Kuchambua mahojiano, Taguette au QualCoder. Ramani, QGIS.

Bakapu ndiyo nasisitiza. Kazi iwe sehemu tatu: laptopu, mtandaoni (Google Drive inakupa GB 15 bure), na diski ya nje inayokaa nyumba nyingine kabisa, kwa ndugu au rafiki. Flash iliyomo kwenye begi moja na laptopu haihesabiki, mwizi anabeba begi zima. Ukiwa fildi kila jioni kabla ya kulala hamisha sauti na picha za siku hiyo.

Kuhusu akili mnemba, itumie kunyoosha Kiingereza chako kama kanuni za chuo zinaruhusu, lakini usiiombe ikutafutie marejeleo ukayabandika hivyo hivyo. Inatunga makala ambazo hazipo, zina waandishi, zina mwaka, zina jarida, na ukizitafuta hakuna. Kila rejea uifungue kwa macho yako mwenyewe.

Kuchapisha bila kuibiwa

Vyuo vingi vinadai uwe umechapisha kabla ya kuhitimu, na matapeli wanalijua hilo. Utapata imeili inakuita profesa mashuhuri, inasifu makala yako, inakuahidi kuchapisha ndani ya siku tano, bei haisemi mpaka makala imekubaliwa. Kaa mbali. Jarida la kweli linapeleka kazi kwa wahakiki na wahakiki wanachukua miezi. Kabla ya kutuma popote lipitishe kwenye maswali ya tovuti ya Think Check Submit, angalia kama lipo AJOL au DOAJ, orodha ya majarida yanayosomwa bure, fungua majina ya wahariri wawili watatu uone kama kwenye kurasa za vyuo vyao wanalitaja, na muonyeshe mkutubi, yule yule wa mwanzo. Soma pia makala mbili zilizokwishatoka humo, ukikuta zimejaa makosa ambayo hata wewe ungeyaona, jibu umepata.

Jarida zuri likiwa linatoza hela usikate tamaa. Wachapishaji wengi wakubwa wanasamehe au kupunguza ada kwa waandishi wa nchi zilizo kwenye orodha ya Research4Life, ila unatakiwa kuomba wakati unatuma makala, ukisubiri mpaka ankara ije unaweza kukataliwa. Majarida yasiyotoza mwandishi wala msomaji nayo yapo, kwenye DOAJ unaweza kuchuja yakaja hayo tu. Fungua ORCID, ni bure, inakupa namba ya tarakimu 16 ambayo inakufuata maisha yako yote, hasa sisi wenye majina yanayofanana, akina Juma Ally na Neema John tuko wangapi?

Kama uandishi wenyewe ndio unakusumbua ingia AuthorAID, mpango ulioanzishwa 2007 na INASP, shirika la Uingereza, kwa ajili ya watafiti wa nchi zetu, kozi zao za mtandaoni za kuandika makala ni za bure, na kuna watafiti wazoefu wanaojitolea kupitia kazi yako na kukushauri.

Watu

Tafuta wenzako wawili watatu hata kama fani zenu hazifanani. Kukutana mara moja kwa wiki kunatosha, kila mtu analeta kurasa mbili, mnasomana, mnaulizana wiki ijayo nani analeta nini. Hakuna kilichowasaidia watu ninaowajua kumaliza kama hili. Mwenzako wa fani nyingine atakwambia sielewi aya hii, na mtahini naye asingeielewa. Siku za stresi hao ndio watakuuliza uko wapi mbona kimya.

Na mwili ukianza kukataa, hulali, hufungui laptopu wiki ya tatu, simu ya supavaiza ikiita tumbo linakukata, nenda ushauri nasaha wa chuo, iko chini ya ofisi ya mshauri wa wanafunzi na wa PhD ni wanafunzi kama wengine. Waambie na watu wa nyumbani ratiba yako ilivyo, maana kwetu mtu mzima anayesoma nyumbani anaonekana yupo tu, atatumwa msibani, atatumwa bandarini, atatumwa kuangalia mafundi. Ukiwaeleza mapema kwamba asubuhi mpaka saa saba niko kazini, wengi wanaheshimu.

Ukimaliza kutetea na masahihisho yamepita, peleka nakala maktaba na uombe iwekwe kwenye hifadhi ya mtandaoni ya chuo, peleka ripoti kwa waliokupa kibali kama masharti yake yanavyosema, kisha andika kurasa mbili za Kiswahili cha kawaida kuhusu ulichokikuta na uzirudishe kwa mtendaji wa kijiji pamoja na nakala ya wilayani. Weka nauli ya safari hiyo kwenye bajeti tangu siku unaandika proposo.